Usiifiche Namba Mbaya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza mbiombio kwa sababu ya wasiwasi, mara ya pili taratibu ili nielewe hasa unachoniuliza. Umenieleza kwamba vipimo vimethibitisha kuwa una kisukari aina ya pili, kwamba umepewa vidonge na kipima sukari, na kwamba umeunganishwa na programu ya simu yenye mshauri atakayezungumza nawe kila wiki. Kisha umeuliza kama vyote hivyo vinasaidia kweli au ni mzigo juu ya mzigo. Mimi naingia mwaka wa saba na ugonjwa huu, na kwa zaidi ya nusu ya muda huo nimekuwa nikitumia vifaa vya namna hiyo. Vimenisaidia sana, ila havikunisaidia tangu siku ya kwanza, na aliyeuchelewesha msaada huo ni mimi mwenyewe. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu, ili wewe usiipoteze miezi niliyoipoteza mimi.

Mwaka una saa 8,760. Hata mgonjwa asiyekosa miadi ya kliniki hata mara moja hukaa mbele ya daktari kwa saa chache tu kati ya hizo. Saa zote zinazobaki yuko na sahani yake, vidonge vyake, usingizi wake na mawazo yake, na humo ndimo sukari inamopanda na kushuka. Daktari ataandika dawa, lakini hatakuwapo usiku utakapoamua ama kujinyoosha kitandani mara tu baada ya kula ama kutembea kwanza kwa dakika kumi na tano. Kazi ya programu na mshauri ni kukusindikiza katika saa hizo ambazo kliniki haikuoni. Nimeandika "kukusindikiza" kwa makusudi, kwa sababu uamuzi unabaki wako.

Programu niliyoanza nayo ilikuwa ikizipaka namba rangi: kijani kwa iliyo ndani ya lengo, nyekundu kwa iliyozidi. Haikupita wiki ya pili nikaanza kuikimbia ile nyekundu. Nikipima asubuhi nikapata milimoli 6.1 za sukari kwa lita ya damu, naandika palepale. Nikirudi kutoka kwenye sherehe nikapima nikakuta 13.8, nakizima kifaa na kujiambia kuwa nitaandika kesho, na kesho yake siandiki. Baadaye hata kupima nikaacha siku ambazo nilijua nimekula ovyo, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tayari moyoni. Miezi mitatu ilipotimia, grafu yangu ilipendeza mno: nukta za kijani zimejipanga, wastani milimoli 6.9 kwa lita. Wiki hiyohiyo yakaja majibu ya HbA1c, kile kipimo ambacho wengi wetu tunakiita sukari ya miezi mitatu, yakasema asilimia 8.8.

Mshauri wangu, muuguzi aliyesomea elimu ya kisukari, aliyaweka majibu hayo mawili sambamba. Akanieleza kwamba HbA1c ya 8.8 inalingana na wastani wa takriban milimoli 11.4 kwa lita, kwa hiyo kati ya 6.9 yangu na 11.4 hiyo kulikuwa na mambo mengi ambayo hayakuandikwa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Jumamosi na Jumapili huwa unapima saa ngapi?" Nikaitazama grafu upya, nikaona kwamba kwa wiki kumi na mbili hakukuwa na nukta hata moja ya Jumapili, na za Jumamosi zilikuwa za alfajiri peke yake. Nilinyamaza, naye akaniacha ninyamaze. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Hizi za kijani sina la kukusaidia kwazo. Nipe ile unayotaka kunificha."

Tangu siku hiyo nikaanza kuandika kila kitu, na tangu siku hiyo ndipo programu ile ilipoanza kuwa na faida kwangu. Usidhani kwamba kuna namna ya kukwepa. Sukari iliyo katika damu hunata kwenye hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku zipatazo 120, HbA1c hubeba kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, uwe uliandika au hukuandika. (Zipo hali zinazokipotosha kipimo hicho, kama vile upungufu wa damu au selimundu; kama unayo mojawapo, daktari wako aijue mapema.) Na namba hiyo si ya kupuuzwa. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 1998, uliwafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari aina ya pili, na uchambuzi wake wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kila HbA1c ilipokuwa chini kwa asilimia moja, madhara ya mishipa midogo ya damu, ile inayolisha macho na figo, yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Ndiyo kusema kwamba hata kushuka kutoka 8.8 hadi 7.8, ambako programu yangu bado ingekupaka rangi nyekundu, ni macho na figo zinazookolewa.

Nikupe sasa mambo ya mikononi. Kabla hujapima chochote, hakikisha kwamba tarehe na saa ya kifaa ni sahihi, maana kipima sukari chenye saa isiyo sahihi kitampelekea mshauri namba ya usiku kana kwamba ni ya mchana, naye atakushauri kuhusu mlo ambao hukuula. Hakikisha pia kwamba kifaa na programu vinatumia kipimo kimoja. Vipo vinavyosoma kwa milimoli kwa lita na vipo vinavyosoma kwa miligramu kwa desilita. Ukizidisha milimoli kwa 18 unapata miligramu, kwa hiyo 7.0 ya huku ni 126 ya kule. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, malengo yanayotumika sana ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, chini ya 10.0 saa moja hadi mbili tangu kuanza kula, na HbA1c chini ya asilimia 7. Lengo lako wewe, hata hivyo, litoke kwa daktari wako, kwa sababu umri, dawa na maradhi mengine hulibadilisha, na programu nyingi huja na malengo yaliyopangwa tayari ambayo hayakujui.

Nawa mikono. Najua umeshaambiwa, lakini nakwambia tena kwa sababu ya jioni moja ambayo nilikuwa nimemenya chungwa, nikajifuta kwa kitambaa, nikajichoma kidole na kukuta 14.2. Moyo ulinienda mbio; nilikuwa nimeshaanza kumwandikia mshauri ujumbe wa kulalamika kwamba dawa zimeacha kufanya kazi, nikalikumbuka chungwa. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri, nikachoma kidole kingine: 7.3. Sukari yote ile ilikuwa ya tunda, juu ya ngozi. Jichome ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha, kwani ubavuni hakuumi sana, na vijiti vya kupimia vikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, visipigwe na joto wala unyevu. Usihangaike pia na tofauti ndogondogo: kiwango cha kimataifa cha vifaa vya nyumbani kinakubali tofauti ya hadi asilimia 15 na kipimo cha maabara pale sukari inapokuwa milimoli 5.6 au zaidi, kwa hiyo ukipima 8.0 na papo hapo ukapima 8.6, hujapandisha chochote.

Kilichonifaa kuliko vyote, baada ya kuacha kuficha, ni namna mshauri alivyonifundisha kupima kwa jozi. Nilikuwa nikipima kila asubuhi tu, kama mtu anayesoma gazeti la jana, nisijue namba ile imetokana na nini. Yeye akanitaka nichague mlo mmoja, tukauchagua ule wa jioni, nipime kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, kwa siku tatu, bila kubadilisha lolote. Sukari ikawa inapanda kwa zaidi ya milimoli 5 kila jioni. Baada ya hapo tukabadilisha kitu kimoja tu: sahani ileile, ila wali nusu ya ule wa kawaida na mboga mara mbili yake. Siku tatu nyingine, na kupanda kukapungua hadi karibu 3.5. Ndipo tukaongeza matembezi ya dakika kumi na tano baada ya mlo, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari, inapokuwa haifanyi kazi yake ipasavyo, na kupanda kukashuka hadi kama 2. Hakuna kijitabu kilichowahi kunishawishi kama namba hizo tatu, kwa sababu zilikuwa zangu, zimetoka kwenye sahani yangu na miguu yangu. Anza hivyo, rafiki yangu. Ukibadilisha mambo manne kwa wakati mmoja, hutajua lipi limekufaa na lipi unajinyima bure.

Namba ya asubuhi isikuvunje moyo. Wengi wetu huamka na sukari iliyo juu kuliko tuliyolala nayo ilhali hatujatia kitu mdomoni, kwa kuwa alfajiri mwili hutoa homoni, ikiwamo kotisoli, zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu. Iandike, mwoneshe mshauri, muitafakari pamoja.

Umeuliza kuhusu kile kidude kinachobandikwa mkononi. Hiyo ni sensa ya kupima sukari mfululizo: ina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, hupima sukari iliyo katika majimaji yaliyo kati ya seli, hutuma namba kwenye simu kila baada ya dakika chache, na aina nyingi hukaa siku 10 hadi 15 kabla ya kubadilishwa. Niliitumia kwa vipindi, na nilijifunza mengi kwa sababu unaona mstari mzima wa siku badala ya nukta mbili tatu. Lakini ijue tabia yake. Kwa kuwa haipimi damu yenyewe, huchelewa dakika kadhaa, hasa sukari inapobadilika kwa kasi, na ukiilalia huweza kusoma chini kuliko hali halisi. Mimi iliniamsha saa tisa usiku kwa kengele kali ikionyesha 3.1, nikakaa kitandani nikitetemeka kwa hofu, nikapima kidoleni, nikakuta 5.9. Nilikuwa nimelalia mkono. Kwa hiyo namba ya sensa isipolingana na unavyojisikia, pima kidole. Nami nakusihi usidanganyike na saa za mkononi au pete zinazotangazwa kwamba zinapima sukari bila kupenya ngozi: mnamo Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha namna hiyo, na mtu akimeza dawa kwa kufuata namba ya uongo anaweza kudhurika vibaya.

Nije kwa mshauri, maana naona ndiye unayemtilia shaka zaidi. Nakuelewa; si rahisi kumweleza mtu usiyemwona mambo ya tumbo lako na udhaifu wako. Lakini zipo sababu za kumpa nafasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari waligawanywa katika makundi. Waliopewa mshauri wa kuwafuatilia, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, waliupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini, kidonge cha kushusha sukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Wale walikuwa hawajaugua bado, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba namba zile ni zako. Ninachokiona humo ni kwamba kufuatwafuatwa na mtu anayejua kazi yake, wiki baada ya wiki, kuna nguvu ambayo karatasi ya maelekezo haina.

Mshauri mzuri utamtambua kwa maswali yake. Wangu, kila nilipompelekea namba, alianza kwa kuuliza kilichotangulia: nililala saa ngapi, nilikula nini na saa ngapi, nilikuwa na mafua, nilikuwa na ugomvi kazini. Kisha aliniuliza mimi nadhani sababu ni nini kabla hajasema yeye anavyodhani. Hakuwahi kunibadilishia dozi. Kila ilipofika hapo alinielekeza kwa daktari na kumpelekea kumbukumbu zangu. Ukikutana na anayekwambia uache dawa, au anayekuuzia unga au chai ya kuponya kisukari, mkimbie, hata kama programu yake ina sura nzuri. Ni kweli kwamba baadhi ya watu hufikia hali ya kukaa bila dawa huku sukari ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2017, ulionyesha kwamba asilimia 46 ya waliofuata mpango mkali wa kupunguza uzito walifikia hali hiyo baada ya mwaka mmoja. Lakini walifanya hivyo wakisimamiwa na wauguzi na wataalamu wa lishe, na wakifuatiliwa hata baada ya uzito kupungua. Kama una hamu hiyo, na ni hamu njema, ipeleke kwa daktari wako kwanza.

Hapa naomba usome polepole. Muulize daktari kama vidonge vyako ni vya aina inayoweza kuishusha sukari kupita kiasi. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo, lakini gliklazidi, glibenklamidi na insulini huweza. Ukijisikia kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9, chukua gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kama vile vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya juisi ya matunda, subiri dakika 15, kisha pima tena. Usipoweza kupima, chukua sukari vilevile. Usianze kutafuta simu, usimwandikie mshauri, usifungue programu. Namba utaiandika ukishatulia. Na mtu unayeishi naye nyumbani ajue hayo yote kabla hayajatokea, kwa sababu huenda siku hiyo wewe usiweze kumweleza.

Kuhusu siri ya taarifa zako, wasiwasi wako una msingi. Kabla ya kukubali masharti, tazama ni nani atakayeziona namba zako na kama programu inakuruhusu kuzipakua na kuzifuta. Ukikuta kwamba zinapelekwa kwa watangazaji wa biashara, tafuta programu nyingine. Arifa nazo zipunguze. Mimi nilibakiza mbili tu, ya dawa na ya kupima baada ya mlo wa jioni, nikafunga nyingine zote, kwa sababu simu inayolia mara ishirini kwa siku mwishowe haisikilizwi hata mara moja. Daftari dogo la karatasi pia liwepo, kwa siku ambayo simu itazimika.

Kuna yasiyoonekana kwenye simu kabisa. Hakuna programu itakayoiona nyayo yako yenye kidonda usichokihisi kwa sababu ya ganzi. Uitazame mwenyewe kila jioni, na chini ukitumia kioo. Macho yachunguzwe na mkojo upimwe kwa ajili ya figo kwa ratiba atakayokupa daktari, ambayo kwa wengi ni mara moja kwa mwaka, na shinikizo la damu lisisahaulike.

Tena kuna kuchoka, na hili sikuambiwa na mtu. Mwaka wa tatu nilichoka na sukari, nikachoka na kuulizwa habari za sukari, nikakaa wiki tatu bila kupima, ingawa vidonge sikuviacha. Safari hii sikuficha. Nilimwandikia mshauri kwamba nimechoka. Akanijibu kwamba tupime mara mbili tu kwa wiki mpaka nguvu zirudi, na kwamba kila Alhamisi ataniuliza habari za usingizi badala ya namba. Baada ya mwezi nilirejea bila kusukumwa. Ukichoka, sema, kwake au kwangu.

HbA1c yangu ya mwezi uliopita ilikuwa 6.9. Imewahi kushuka hadi 6.6 na kupanda tena hadi 7.4 mwaka niliouguliwa, na yote yamo kwenye programu, pamoja na Jumapili zake.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakupigia. Uwe umekaa mahali penye mwanga, kipima sukari, vijiti na simu viko mbele yako, na vifungashio vyake usivitupe, maana tutahitaji kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Tutaanza na saa na tarehe, kisha kipimo cha milimoli, kisha utanawa mikono nami nitakusubiri kwenye simu mpaka umalize kupima mara ya kwanza.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote